Kupasha Si Kuchemsha

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Modesta alichemsha maziwa ya mdogo wake, Shimba. Maziwa hayo yaliletwa na Mzee Luhaga, ambaye alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani na sasa alichuuza kwa baiskeli.

Nyumba yao ilikuwa mlimani, kati ya mawe makubwa ya Mwanza. Kutoka jikoni ziwa lilionekana wazi. Miaka hiyo magugu maji yalikuwa yameanza kuenea, na Modesta aliyaona kama visiwa vya kijani vilivyobeba ndege weupe, vikisafiri polepole. Alijiona amekaa juu ya kimoja, miguu majini, akielea kuelekea Ukerewe.

Asubuhi moja alielea mno. Kengele ya shule ilipomzindua, mkaa ulikuwa bado haujakolea na maziwa yalikuwa vuguvugu tu. Akayaepua, akayamimina kikombeni.

“Umechemsha?” mama yake aliuliza kutoka uani.

“Ndiyo, mama.”

Siku iliyofuata Shimba alitapika na kuharisha. Kufikia saa sita mchana alikuwa amelegea, macho yameingia ndani. Mama alimbeba mgongoni na, pamoja na Modesta ambaye siku hiyo hakwenda shule, wakaenda mbio zahanati.

Muuguzi Bernadetta alianza kumnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. “Jana alikula nini?”

“Uji na maziwa,” mama alijibu. “Lakini maziwa huwa tunachemsha.”

Modesta alitazama sakafu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona.

“Jana sikuchemsha,” alisema kwa sauti ndogo. “Niliyapasha tu. Nilikuwa naangalia ziwa. Nisamehe, mama.”

Mama aligeuka kumtazama.

“Umetusaidia kusema hivyo,” alisema muuguzi. “Sikiliza. Kupasha kumetokana na kupata: unayafanya maziwa yapate moto. Kuchemsha kumetokana na kuchemka: unayafanya yachemke, yaumuke mpaka juu. Vijidudu vya maradhi havifi kwa vuguvugu.”

Pata, pasha. Chemka, chemsha. Modesta aliyarudia maneno hayo moyoni, taratibu, mpaka yakawa kama wimbo wa kubembelezea mtoto.

Jioni Shimba alikinyakua kijiko akitaka zaidi. Mama alicheka, machozi yakimtoka, kisha akamvuta Modesta karibu.

“Kuota si kosa, mwanangu. Hata mimi ziwa hunichukua. Lakini ungesema kweli jana asubuhi, ningeyarudisha maziwa jikoni, na mdogo wako asingeugua. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya.”