Wagonjwa Saba wa Toleo Jipya

Mwili wa mwalimu mstaafu ulikuwa umefunikwa shuka, mkono wa kushoto ukiachwa nje kwa uchunguzi. Alama ya sindano ilionekana bado. Aliletwa na jirani akiwa hoi kwa homa ya mapafu. Akadungwa penisilini, na robo saa haikupita akakata roho.

"Mzio wake wa penisilini uliandikwa humu miaka sita iliyopita," mumewe alisema. "Mbele yangu."

Inspekta alitazama kompyuta ya wodini. Mahali pa mzio paliandikwa: *Hakuna*.

Hospitali nzima ilimnyooshea kidole fundi wa kompyuta. Siku tatu kabla, mwanamke huyo aliihamisha hifadhidata ya wagonjwa kutoka toleo kongwe la programu ya seva hadi toleo jipya. Alikwisha kusimamishwa kazi, na hati ya kumshtaki kwa uzembe uliosababisha kifo ilisubiri saini ya Inspekta tu.

Mzee Kumbukumbu, aliyeilea hifadhidata hiyo miaka ishirini na miwili, alitikisa kichwa. "Nilimfundisha mwenyewe, afande. Nikamwonya: binti yangu, kisichouma usikitie dawa. Lakini sikio la kufa…"

Inspekta aliagiza fundi arudishwe kwenye chumba cha seva. Alikuja macho yamemvimba.

"Wangapi wamepoteza taarifa za mzio?"

"Saba, afande. Kati ya elfu arobaini."

"Programu huchagua watu?"

"Haina mjomba wala shangazi. Ingekosea, ingeharibu safu nzima."

"Basi ni mkono wa mtu. Wa nani?"

"Toleo jipya huandika kila badiliko: nani, lini, saa ngapi. La zamani halikuandika. Nilinyang'anywa nywila kabla sijayatazama mabadiliko hayo."

"Nani hajui kwamba huandika?"

"Nilieleza siku ya mafunzo. Mmoja hakuja. Alisema hafundishwi na mwanafunzi wake."

"Nimeamuru urudishiwe nywila. Fungua."

Mabadiliko saba, ndani ya dakika kumi na moja, siku moja baada ya uhamisho. Yote kwa nywila ya Mzee Kumbukumbu.

Alipooneshwa, mzee aliketi taratibu.

"Kwa nini?"

"Walinipa barua ya shukrani na meza kando ya choo. Yeye wakampa funguo."

"Ukaamua kuua."

"La, afande. Nilitaka aumbuke, waniite nitengeneze. Nikachagua wasio na miadi mwezi huu. Ningejuaje kwamba mwalimu angeugua?"

"Na huyu uliyemwita binti yako angefungwa."

Mzee alitoa karatasi mfukoni mwa shati, akaikunjua. "Taarifa zao nimeziandika zote kwa mkono. Nipeni dakika kumi tu, nizirudishe zote saba."

Inspekta aliisoma. Mwandiko ulikuwa safi, wa shule ya zamani, na jina la mwalimu lilikuwa la kwanza.

"Sita, mzee," alisema, akatoa pingu.