Mlango Nilioutia Mafuta

"Sasa huu mlango, anaingia nani?"

"Haingii mtu."

"Dakika ya tano hii, shoga. Mlango unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa, na hajaingia mtu?"

"Ndio wimbo wenyewe."

Msusi aliacha kusuka, chanuo likabaki hewani. Simu yangu tulikuwa tumeilaza katikati ya chupa za shampuu na mkebe wa vibanio, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Mteja wake, mama mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa, alifungua jicho moja.

"Labda mwenye nyumba anatimua wapangaji," akasema. "Wanatoka mmoja mmoja."

"Hapo sasa naanza kuuelewa."

Kwenye simu mlango ulijivuta tena, kwiiii, halafu kwaa. Nyuma yake kulikuwa na mkwaruzo usiokoma.

"Na huyo anayekaanga samaki ni nani?" Msusi akauliza.

"Hakaangi. Hiyo ni redio isiyoshika stesheni. Anaipiga Mwalimu."

"Mwalimu wa muziki?"

"Wa hesabu."

"Nilijua tu. Na kiitikio kiko wapi?"

"Hakuna."

"Mtu anajuaje kwamba wimbo umeisha?"

"Mwalimu anazima redio."

Walicheka wote wawili mpaka mama akapigwa na chanuo sikioni kwa bahati mbaya. Nami nilicheka, na moyoni nikajiona msaliti, maana aliyekuwa akifungua na kufunga ule mlango ni mpenzi wangu.

Watu wote wanamwita Seremala, na mimi pia. Siku za kazi anatengeneza vitanda na makabati ambayo hayajawahi kurudishwa na mteja. Jumamosi alasiri anasukuma meza za kazi ukutani, yeye na Mwalimu wanapiga kitu wanachokiita muziki wa majaribio, na watu wasiozidi ishirini wanakuja kukaa kwenye mabenchi na kufumba macho. Chombo chake ni mlango mmoja wa zamani, umefungwa kwenye fremu yake, umesimama katikati ya karakana peke yake.

"Sema kweli," Msusi akasema. "Unampenda huyu mtu?"

"Nampenda sana."

"Na muziki wake?"

Nilichungulia nje kwanza. "Muziki wake naomba Mungu uishe."

"Umemwambia?"

"Nitamwambiaje? Siku ya kwanza aliponipigia alikuwa ananitazama usoni kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikasema mzuri. Tangu hapo ni miaka miwili, na kila wimbo nasema mzuri."

"Njia ya mwongo ni fupi, shoga."

"Yangu imefika miaka miwili."

"Basi umekaribia mwisho wake."

Hakuwa amemaliza kusema simu ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa wa Seremala: "Kesho saa kumi tunapiga wimbo mpya. Dada yangu mkubwa anakuja, mara ya kwanza. Tukimaliza nina neno na wewe."

Msusi alisoma akichungulia juu ya bega langu. Huyu tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, hawezi kuona simu yangu ikiwaka akatulia.

"Mwanaume akikuandikia ana neno na asilitaje, ama anaoa ama anaacha."

"Usinitie presha."

"Mimi sikutii presha. Aliyekutia ameshabonyeza kutuma."

Mchana ule kwenye cherehani yangu sikushona kitu cha maana. Suruali ya mtu niliipiga pindo upande wa nje, nikafumua, nikafunga duka. Nikaona heri niende karakana nikamsaidie kusafisha kabla ya huo ugeni. Dada mtu ndiye aliyemlea, na nilitaka akute mahali panapopendeza.

Seremala hakuwepo, alikuwa amekwenda kuazima mabenchi. Nikafagia maranda, nikapanga randa na misumeno ukutani, nikafuta vumbi la dirisha. Upepo ulikuwa unaingia kupitia lile dirisha, na kila ulipoingia mlango ulijisogeza wenyewe. Kwiiii. Kwaa. Kwiiii.

Sasa hapa lazima niseme jambo. Sisi mafundi cherehani tuna ugonjwa wetu. Mashine ikianza kulia tunaitia mafuta kabla haijaharibu nguo ya mtu, na ukishazoea hivyo, mkono hauulizi tena. Mimi kichupa cha mafuta kinalala kwenye mfuko wa aproni. Nimeshatia mafuta kiti cha Msusi, baiskeli za wateja, hata kiti cha daktari wa meno, naye alikuwa bado hajaning'oa jino. Hivyo siwezi kusema niliamua. Nilikuwa nafikiria neno la Seremala, kama ni la kuoa au la kuacha, na mkono ukaenda mfukoni. Matone mawili bawaba ya juu, mawili ya kati, mawili ya chini. Nikaupeleka mlango na kuurudisha mara saba ili mafuta yaingie vizuri, nikafuta yaliyochuruzika kwa kitambaa.

Ulikwenda kimya kabisa. Nikaridhika, nikaendelea kufagia.

Waliporudi na mabenchi, Mwalimu akachomeka redio yake, Seremala akanyoosha vidole na kushika kitasa. Akavuta. Akarudisha. Akavuta tena, sikio limeegemea ubao.

"Mwalimu, punguza redio."

"Sijaiwasha."

Hapo ndipo nilipokumbuka kichupa.

"Nani ameshika hizi bawaba?" Seremala akauliza, akanusa vidole vyake. Alijua jibu. Yale mafuta anayajua, mikono yangu inanukia hayo siku zote.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mlango ulikuwa unalia."

"Ulikuwa unalia," akarudia polepole. Mwalimu alikumbatia redio yake, akatazama sakafu niliyoifagia.

"Nilipitiwa. Mkono tu, walahi. Sikufikiri."

"Hilo ndilo linaloniuma. Miaka miwili nakupigia mlango huu, kila siku unaniambia mzuri. Leo umesimama peke yako, umeusikia, na hukuujua. Ungekuwa unausikiliza hata siku moja, mkono ungesita."

Alikuwa anasema kweli.

"Unajua mlango huu umetoka wapi?"

"Hujaniambia."

"Hujaniuliza." Alikaa kwenye benchi. "Ni mlango wa chumba cha mama. Walipobomoa nyumba yetu, kila mtu alichukua chake, mimi nikachukua mlango na fremu. Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Sauti yake imenitoka. Ninachokumbuka ni huu mlango, asubuhi akitoka. Dada hajausikia tangu nyumba ibomolewe, na kesho anakuja kuusikia."

Machozi yalinitoka bila kuomba ruhusa.

"Shemeji," Mwalimu akasema kwa upole, "nenda nyumbani kwanza. Acha moto upoe."

Jioni nilimwandikia: "Nimeuliza, wanasema mafuta ya taa yanasafisha bawaba. Niko tayari kuja kusafisha sasa hivi."

Akajibu: "Yatatoa mafuta na kutu pia. Sauti ilikuwa kwenye kutu."

Nikaandika: "Nisamehe. Kesho nije?"

Alama mbili zikawa za bluu. Jibu halikuja. Nikampigia Msusi.

"Ameniacha," nikamwambia.

"Amesema hivyo?"

"Hajasema kitu."

"Basi hajakuacha, amenuna. Kesho unakwenda."

"Kwa uso gani?"

"Huohuo uliodanganyia. Ukijificha, kosa litakuwa mawili. Nenda, na ukiulizwa sema kweli, hata kama itakutoa. Mimi nitakuja nikae karibu na njia, tukifukuzwa tutoke wote."

Saa kumi kasoro robo tulikuwa tumefika. Watu walikuwa kumi na wanane, mmoja na miwani ya jua ndani ya nyumba, binti mmoja na daftari. Seremala aliniona, akageuza macho. Benchi la mbele alikaa mama mnene mwenye mkoba mkubwa mapajani, mkunga wa miaka mingi. Nilimjua kwa picha, ndiye dada mkubwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa ubavuni pake, nikakaa hapo, Msusi akabanana na watu benchi la nyuma yangu.

Mwalimu akawasha redio. Seremala akashika kitasa, akavuta.

Kimya.

Akarudisha. Kimya. Mtu mzima, mwenye mabega yake, anafungua mlango usioelekea popote na kuufunga, na hausikiki. Nilidhani ataacha dakika ya pili. Hakuacha. Alikuwa ameita watu, na yeye si mtu wa kurudisha watu nyumbani. Uso wake ulikuwa na huzuni ambayo sitaki kuiona tena. Mwenye miwani alishika kifua. Binti wa daftari alikuwa anaandika kwa kasi.

Nyuma yangu Msusi akaninong'oneza, "Leo ndio nimeupenda."

Nikamkanyaga mguu kwa kisigino. Hapo nikasikia benchi linatikisika. Dada mtu alikuwa ameweka kiganja mdomoni, mabega yanapanda na kushuka. Nikadhani analia. Halafu kiganja kikamshinda, kikatoka kicheko, kicheko cha mtu mnene kinachoanzia tumboni, kikajaa karakana nzima.

Seremala akasimama, kitasa mkononi. "Dada?"

"Nani," akauliza huku anajifuta macho, "nani ameutia mafuta?"

Nikakumbuka maneno ya Msusi. Nikasimama. "Mimi, dada. Ni kosa langu. Sikujua ni wa mama."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wewe ndiye fundi wa cherehani?"

"Ndiyo, dada."

"Njoo hapa." Akanivuta, akanikumbatia mpaka mkoba wake ukaniumiza mbavu. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mama alikuwa anatoka kwenda kazini saa kumi na moja asubuhi. Kila akifungua huu mlango, wewe unaamka. Unamkimbilia, unang'ang'ania gauni, unalia mpaka majirani wanaamka. Alikuwa anachelewa, na anaondoka na yeye analia. Kila siku akimwambia baba, tia mafuta huu mlango. Baba anasema kesho. Akiniambia mimi, nasahau. Mama amekufa anaomba tone la mafuta, na nyumba nzima hakuna aliyempa."

Seremala alikuwa bado ameshika kitasa.

"Kwa hiyo alikuwa hataki niusikie," akasema.

"Alikuwa anataka ulale, mdogo wangu. Basi."

Akauvuta mlango taratibu, ukaenda bila sauti mpaka mwisho. Akauacha pale, wazi. Machozi yalimshuka, na katikati ya machozi akaanza kutabasamu, nami ndipo nilipopumua kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Mwalimu alizima redio. Watu wakasimama, wakapiga makofi kwa nguvu kuliko siku zote.

"Hii imezipita zote," mwenye miwani alisema. "Hasa yule mama wa kicheko. Mmempata wapi?"

Binti wa daftari akamwuliza Mwalimu kama kile kicheko walikifanyia mazoezi.

"Mara tatu," Mwalimu akajibu. "Kilikuwa kinakataa kukaa kwenye hesabu."

Walipoondoka, Seremala alinikuta nyuma, karibu na rundo la mbao. Msusi alijifanya anasoma kalenda ya mwaka uliopita.

"Ulisema una neno na mimi," nikaanza. "Kama ni la kuachana, sema haraka."

"Kwanza wewe. Muziki wangu, niambie kweli."

"Dakika ya kwanza naipenda. Kweli naipenda, inanifanya nisikie vitu. Dakika nane zinazobaki namwomba Mungu."

"Na ule wimbo wa ndoo?"

"Ule wa ndoo nilitaka kuhama mji."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika rundo la mbao asianguke.

"Hata mimi ule ulinichosha," akasema. "Niliurudia mara sita kwa sababu ulisema mzuri."

"Mungu wangu."

"Unajua neno langu lilikuwa nini? Nilitaka kukuomba tuoane. Ila wiki nzima nilikuwa nasita. Nilikuwa naogopa kuoa mtu anayesema mzuri kwa kila kitu. Siku nikipotea, nani angeniambia?"

"Na sasa?"

"Sasa najua ukichoka unatia mafuta."

Mlangoni dada mtu akapaza sauti, "Nyie, mnaoana au tunafunga karakana?"

"Tunaoana," nikajibu mimi, maana yeye alikuwa bado anacheka.

"Basi haya, wifi. Ila mlango usije harusini."

Haukuja. Harusini ilipigwa miziki ya kawaida, yenye viitikio, na Msusi aliitikia yote mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu alikaa karibu na spika akitikisa kichwa kwa masikitiko. Mlango tuliupachika kwenye chumba chetu cha kulala, na mume wangu akajitengenezea chombo kingine kwa spring za kitanda, ambacho kila wiki namwambia wazi kwamba ni kibaya, naye anarekebisha.

Jana asubuhi, natoka kwenda dukani, nikavuta mlango. Kwiiii. Kutu imeanza kurudi. Mkono ulishafika kwenye kichupa, safari hii ukasita.

"Baba watoto watarajiwa," nikaita. "Njoo usikie."

Alikuja na mswaki mdomoni, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikaupeleka na kuurudisha taratibu, tukasikiliza wote wawili, dakika moja kamili kwa saa ya ukutani.

"Mzuri?" akauliza.

"Mpaka hapo, mzuri."

Akatikisa kichwa kukubali, akanyoosha mkono nimpe kichupa, na matone yote sita akayatia mwenyewe.