Shina la Mwanzi Kutoka kwa Mama

Mstari wa tisa haukuwa wake.

Faustina alikaa kizingitini na kikombe cha chai ya tangawizi, akakigeuza kile kikapu mara tatu kama trafiki anayekagua leseni. Jana jioni alikiacha na mistari minane. Leo asubuhi ni tisa. Sawa, mtu anaweza kukosea kuhesabu. Lakini kusuka je? Tangu ana miaka kumi Faustina alisuka kwenda kulia, milulu yake, zile nyasi za kusukia, inalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Huu wa tisa ulikuwa umelala kushoto. Na ulikuwa umekazwa vizuri kuliko yake, hilo ndilo lililomuuma.

Maana Faustina, tusidanganyane, alikuwa na maringo. Mtaa mzima wa Ilomba, pale Mbeya, ulimjua: Mama Devota mwenye bustani, yule aliyeacha kanisa. Wengine wakiacha kanisa wanaacha kimyakimya, wanasingizia mvua. Yeye alirudisha sare ya kwaya mkononi mwa mchungaji, mchana kweupe, akatangaza kwamba anarudi kwa wazee wake. Nyuma ya nyumba akapanda mchaichai, mizambarau na dawa za kila aina. Akafinyanga vyungu mwenyewe. Katikati ya matuta akasimamisha jiwe jeusi la mtoni, na kila mwezi ulipoandama alimwaga pale unga wa ulezi na kuita watu wa ukoo. Majirani walipomcheka, naye aliwacheka.

"Nyie mnaomba kwa mababu wa Israeli," aliwaambia. "Mimi nina wa kwangu, wa Mufindi."

Shida ni kwamba hao wa kwake hakuwajua. Mama yake, Juliana, aliyekuwa anaishi kijijini karibu na Mgololo, alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa ameapa. "Majina ya wapagani siyatamki ndani ya nyumba iliyobatizwa." Basi Faustina alikuwa na majina mawili tu ya kuita, Gideoni na Eliezeri, nayo yote mawili, ukitazama vizuri, yametoka kwenye Biblia. Mpagani wa namna gani huyo!

Akauliza kwenye kundi lake la WhatsApp, linaitwa Turudi Asili. Kiongozi wao, Jailos, ambaye hakuna aliyewahi kumwona sura, alijibu kwa ujumbe wa sauti nzito kama spika ya disko: "Dada, leta mmea wa udongo wa kwenu. Upande kwako. Halafu waite wote. Usiyemjua jina, mkaribishe tu. Damu inajuana."

Kwa hiyo Desemba, mvua zilipoanza, Faustina alikwenda kwa mama yake na jembe. Nyuma ya jiko kulikuwa na kichaka kizee cha mianzi, ile ya kugema pombe ya ulanzi. Juliana alimwona kupitia dirishani akatoka mbio, ana unga wa ngano mpaka viwikoni.

"Hapo usichimbe."

"Kwa nini, mama?"

"Mianzi imejaa bondeni kule. Chimba kwingine."

"Nimeuliza kwa nini."

Juliana angesema neno moja tu siku ile, hadithi hii isingekuwepo. Badala yake akageuka, akarudi kwenye maandazi yake. Naye Faustina, kwa kiburi tu, kwa kumwonyesha, akachimba palepale. Jembe lilizama kwenye kitu laini, kama mkeka uliooza. Shina lilipong'oka lilitoka na nyuzinyuzi zimeshikana na mizizi, nyuzi zilizosokotwa. Akalitia kwenye kiroba pamoja na udongo wake, akapanda basi la Mbeya.

Akalipanda kando ya jiwe. Akamwaga unga. Akaita Gideoni, akaita Eliezeri, kisha akafungua mikono kama alivyofundishwa: "Na wewe wa damu yetu ambaye sikujui jina, karibu. Kaa. Kula."

Aliyekaribishwa alikaa. Mpaka Julai, baridi ilipoanza kuuma na ukungu ukawa unashuka kutoka mlima Loleza na kulala bustanini mpaka saa nne asubuhi, ndipo alipoanza kuonyesha kazi ya mikono yake.

Mstari wa kumi ulikuja kesho yake. Na wa kumi na moja. Faustina alikifungia kikapu kabatini, akakikuta kando ya jiwe, kina umande, kimerefuka. Hakikuwa cha duara tena. Kilikuwa kinachongoka huku na huku kama mtumbwi. Na unga aliowamwagia wazee juu ya jiwe haukuwa umeliwa na kuku wala siafu. Ulikuwa umelambwa, jiwe linang'aa.

Jirani yake, Tusajigwe, Mnyakyusa mwenye watoto sita na mdomo wa watu kumi, alichungulia juu ya uzio wa matete.

"Ugonile, Mama Devota! Hao mababu zako leo wamekusukia? Waambie wanifulie na mashuka."

Kisha akanyamaza, akanusa. Tusajigwe kunyamaza si jambo dogo.

"Unanyonyesha?" akauliza taratibu.

"Ninyonyeshe nani? Devota ana miaka sita!"

"Basi hii harufu ni ya nini?"

Faustina naye alikuwa ameisikia wiki nzima, akajidai haisikii. Ilikuwa harufu ya maziwa ya mama, yale yanayokauka kwenye blauzi mpaka yanachacha. Ilitoka chini ya mwanzi.

Hayo yote angeyavumilia, hata angejisifia kundini. Lakini wiki ileile mwalimu wa darasa la kwanza alimrudisha Devota nyumbani. Mtoto aliyekuwa anaandika jina lake na la paka, sasa alishika penseli kwa ngumi kama kijiko. Siku ya tatu alianza kusema kitoto, "mama, maji" likawa "ma, mamba." Siku ya tano maneno yakaisha. Siku ya saba Devota alisimama mlangoni, akatazama miguu yake kama ya mtu mwingine, akakaa chini, akaanza kutambaa. Hospitali walimpima malaria, wakapima damu yote, hawakuona kitu. Baba yake, Anord, aliyekuwa anasomba mpunga Madibira kwa lori, alilia kwenye simu, akasema lori limekwama kwenye tope la skimu ya umwagiliaji, anakuja, anakuja.

Faustina alimwandikia Jailos. Jailos akajibu: "Tulia dada. Hizo ni baraka, unarudishwa kwenye chanzo." Faustina akamtumia picha ya Devota anayenyonya kidole, macho meupe. Baada ya dakika mbili simu ikamwambia kwamba ameondolewa kwenye kundi.

Asubuhi iliyofuata aliamka akakuta kitanda cha mtoto kitupu, na mlango wa nyuma umefunguliwa kwa upole, na kwenye umande kuna njia ya mtu aliyetambaa kwa magoti, akaifuata ndani ya ukungu ambao haukumwonyesha hata mkono wake, akapita mchaichai, akapita figili, huku akisikia mbele yake mlio mdogo, laini, wa midomo inayonyonya, unaacha, unameza, unaanza tena, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikawa nzito kiasi kwamba aliihisi kwenye ulimi, mpaka mguu wake ukagonga kikapu, na ndani ya kikapu Devota amejikunja, magoti kidevuni, ametoshea, miaka yake sita yote imetoshea, na juu ya kifua chake mdomo wa kikapu ulikuwa unajifunga wenyewe, mlulu juu ya mlulu, kwenda kushoto, kwenda kushoto, bila mkono.

Alimchomoa kwa nguvu mpaka milulu ikamchana mtoto mapaja. Chini ya mwanzi kitu kikalia. Kilio cha kichanga wa siku mbili tatu, kile kisicho na hasira, kinachoomba tu.

Tusajigwe alimkuta ameketi jikoni, kamshika mtoto kama mzigo wa kuibiwa.

"Sikia," alinong'ona, na safari hii hakukuwa na utani. "Mimi nimezika wawili. Harufu ile naijua, ni maziwa yaliyokosa mwenyewe. Huyo si babu yako, ni mtoto. Na mtoto usiyemjua jina utamfukuzaje? Utamwambia nani atoke? Hiyo mianzi umeitoa wapi?"

"Kwa mama."

"Mpigie mama yako."

Juliana aliteremka kwenye basi kesho yake, kitenge cha wanawake wa kanisa kiunoni, Biblia kwapani, amekunja uso. Hata salamu ya "kamwene" hakutoa.

"Nilikuambia," alianza. "Miaka miwili nakuambia. Umeacha Mungu, ukaalika mashetani kwenye matuta ya mboga. Leo unaniita mimi?"

"Mama, chini ya ule mwanzi kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Mtazame mjukuu wako, halafu useme tena."

Devota alikuwa sakafuni, hawezi hata kutambaa sasa, shingo imelegea. Juliana alimtazama. Akaiweka Biblia mezani, akatoka nje kuelekea jiwe, mgongo umenyooka, kama anayekwenda kumkaripia mtu. Faustina akafuata na mtoto begani. Ukungu ulikuwa haujainuka. Kikapu kilikuwa palepale, na Juliana alipokiona jinsi kilivyosukwa alisimama, maana katika ukoo ule mzima mtu wa kutumia mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, ni yeye.

"Nilikisuka mwenyewe," alisema. "Kile cha kwanza."

Kilio kikaanza. Na Faustina akaona jambo ambalo mpaka leo akilifikiria anaacha kula: mama yake, mwenye miaka sitini na mmoja, mjane, mzee wa kanisa, blauzi yake ililowa. Madoa mawili, yanapanuka, yanateremka mpaka kwenye kitenge.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," Juliana alisema, sauti ya mtu anayeongea na ardhi. "Kabla ya baba yako. Aliishi siku tatu. Hakuna aliyejua, nilijifungulia kwenye mianzi. Hakuna mtu aliyekuja kumbatiza, na mimi nilitaka kuolewa kanisani, kwa shela, kwa kengele. Nikamweka kwenye kikapu."

"Alikuwa amekufa?"

Kilio ndicho kilichojibu.

"Mama. Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa kimya," Juliana alisema. "Alikuwa amenyamaza."

Devota begani akaacha kupumua. Hakukohoa, hakuhangaika, aliacha tu, kama mtu aliyesahau jinsi inavyofanywa.

"Mpe jina!" Faustina alipiga kelele. "Mpe jina aende! Mama, mtoto wangu anakufa!"

"Jina analo. Nilimwita mara moja, moyoni, nikimfunika. Halafu miaka kumi baadaye ukazaliwa wewe, na mimi sikuwa na jina lingine zuri." Juliana aligeuka kumtazama binti yake, na machoni mwake hapakuwa na huruma, palikuwa na hesabu ya muda mrefu iliyofika mwisho. "Kila nilipokuita, nilikuwa namwita yeye. Ulikuwa hujui. Ndiyo maana hukuwahi kunitosha."

"Mama, usi..."

"Yeye ndiye wa kwanza."

Akapiga magoti kwenye matuta, akafungua vifungo vya blauzi, akakiweka kikapu mapajani, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ambayo Faustina hakuwahi kuisikia katika miaka yake thelathini na nne, laini kama ya mtu anayepuliza uji:

"Faustina. Faustina wangu. Njoo ule."

Na kitu ndani ya kikapu kikaitika.

Devota alivuta pumzi kwa kishindo, akakohoa, akalia kwa maneno: "Mama, nasikia baridi! Niteremshe!" Akateremka kwa miguu yake mwenyewe. Ukungu ukaanza kuinuka kwenye uzio, na harufu ikapungua, ikaisha. Juliana alikuwa ameshasimama, kikapu kifuani, kimefunikwa kwa kitenge cha kanisa. Aling'oa lile shina la mwanzi kwa mkono mmoja kana kwamba ni karoti. Hakuaga. Biblia aliiacha mezani.

Anord alifika jioni, tope mpaka magotini, akamrusha Devota juu akamdaka. Mtoto akaandika jina lake mara kumi kwenye daftari, na la paka. Kila mtu alicheka. Faustina alicheka pia, kidogo.

Jumapili alimpigia mama yake. Simu iliita muda mrefu.

"Haloo?" Juliana alikuwa na furaha, anahema kidogo, kama mwenye mzigo mkononi.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Faustina."

Mama yake akasema, bila ukali, kama unavyomsahihisha mgeni aliyekosea nyumba:

"Hapana. Faustina yuko hapa, ananyonya. Wewe ni nani?"

Na nyuma ya sauti yake, karibu sana na simu, kitu kikaacha kunyonya ili kisikilize.

Faustina alikata. Alikaa kizingitini, akatazama shimo lililobaki kando ya jiwe, akajaribu kulisema jina lake polepole. Midomo ilicheza, haikutoka sauti. Alijaribu tena.

"Mama Devota!" Tusajigwe aliita kutoka ng'ambo ya uzio. "Mama Devota, upo?"

"Abee!" aliitika haraka, karibu apige kelele, kabla na jina hilo halijapata mwingine wa kuliitikia.