Siku Keshia Alipofunga Dirisha

Gari la kujifunzia udereva lilizimika katikati ya makutano, saa ile ya asubuhi ambayo kila mtu mjini ana haraka. Nyuma yake foleni ilipiga honi bila huruma. Kwenye usukani alikuwa bibi mmoja mwenye miwani minene, ameganda, anaomba dua kwa sauti. Mwalimu wake, kijana mrefu mwenye shati la njano lililopigwa pasi vizuri, alishuka akamsimamisha mtu wa kwanza aliyepita.

"Dada, samahani. Nisaidie kusukuma."

Dada huyo alikuwa keshia wa benki ya akiba ya mji: sare ya bluu, kitambaa shingoni, viatu virefu. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Kwa viatu hivi?"

"Vivue."

"Nivue viatu barabarani kwa ajili ya mtu nisiyemjua?"

"Kwa ajili ya bibi yule. Mimi niache."

Keshia alicheka bila kupenda. Akavua viatu, akasukuma. Gari likakohoa, likawaka, likaondoka kwa kishindo. Mwalimu alirukia ndani na kukanyaga breki ya upande wake hadi bibi akapiga yowe. Kuanzia siku hiyo keshia hakumwita jina lingine ila Breki.

Breki naye akaanza kwenda benki. Alikuwa na akiba yake ya kununulia gari lake mwenyewe, maana alilofundishia lilikuwa la bosi, na bosi alikuwa mkali kama pilipili. Akiba ilikaa kwenye kopo chini ya kitanda mpaka keshia alipomgombeza.

"Kopo? Mwizi akiingia je? Lete benki. Mjomba wangu ndiye mhasibu mkuu pale. Pesa zako zitalala usingizi mzuri kuliko wewe."

Alizileta zote. Halafu akawa anarudi karibu kila siku na vijisenti, ili mradi asimame mbele ya dirisha la keshia.

"Huchoki?" keshia alimnong'oneza. "Si uweke mara moja kwa wiki?"

"Nikiweka mara moja kwa wiki, nitakuona mara moja kwa wiki."

"Watu nyuma yako wananuna."

"Wanune. Na wao watafute wa kwao."

Jioni walipigiana simu mpaka chaji ikaisha. Breki alishaanza kusema "gari letu," na keshia hakumsahihisha.

Ijumaa moja mchana, mjomba alimwita keshia nyuma ya jengo, kwenye gari lake. Huyu ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki, akamsomesha, akamtafutia kazi. Mama yake keshia hakuwa na kaka mwingine. Siku hiyo shati la mjomba lilikuwa limelowa jasho, na kiti cha nyuma kilikuwa na begi la safari.

"Mwanangu, Jumatatu hatufungui."

"Kwa nini, mjomba?"

"Hakuna kitu. Ile mikopo mikubwa, watu wenyewe hawapo. Majina niliyatunga mimi. Nilidhani nitarudisha kabla hawajagundua." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikiliza. Kuna kidogo kimebaki. Toa zako, na za yule kijana wako. Kimya kimya. Wengine watajua Jumatatu."

Keshia alirudi kwenye kiti chake. Foleni ilifika mlangoni. Na aliyekuwa mbele kabisa, akitabasamu katika shati lake la njano, alikuwa Breki.

"Mpenzi, leo nakamilisha. Mwenye gari amekubali bei. Wiki ijayo nakuja kuzitoa." Akasukuma noti chini ya kioo.

Keshia alizitazama. Angeweza. Karatasi moja, sahihi moja, na gari lao lingekuwa salama. Akainua macho. Nyuma ya Breki alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, nyuma yake fundi viatu wa stendi, nyuma yake yule bibi wa miwani minene.

Akazirudisha noti.

"Leo usiweke."

"Mtandao umegoma tena?"

"Nenda nazo, tafadhali."

"Mbona umepauka hivyo? Unaumwa?"

"Breki, nenda!"

Breki alipotoka, amechanganyikiwa, keshia alishusha pazia la dirisha. Watu wakalalamika. Alipitia mlango wa nyuma akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa bodi ya benki, mkunga mstaafu ambaye nusu ya mji ilizaliwa mikononi mwake, akamweleza yote akilia.

"Unajua unamtaja nani?" mkunga aliuliza.

"Najua, mama."

"Na mama yako?"

Keshia alifuta machozi kwa kitambaa cha shingoni. Mkunga alichukua simu akapiga polisi.

Mjomba alikamatwa kwenye kituo cha mafuta nje ya mji, begi likiwa na fungu kubwa la zile pesa za mwisho. Benki ikafungwa siku hiyohiyo. Asubuhi yake mji mzima ulikuwa mbele ya geti la benki, wengine wanalia, wengine wanalitikisa kwa mikono miwili. Breki hakulia wala hakutikisa. Alikuwa amesikia kwamba keshia ndiye aliyetoa taarifa, na alikuwa anapiga hesabu ya saa. Akampigia.

"Niambie nimekosea. Nilipokuwa nimesimama pale dirishani, ulikuwa unajua?"

Keshia alifunga mlango wa chumba chake.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nimesimama mbele yako na jasho langu lote limo humo ndani, wewe unaniambia nenda!"

"Nilikurudishia ulizoleta..."

"Ulinirudishia nauli, ukaacha gari lizame! Neno moja tu, mpenzi. Neno moja ungeninong'oneza."

"Ningekupa wewe, yule mama nyuma yako ningempa nini? Ningemtazama vipi?"

"Mimi siyo yule mama! Mimi ni wako!" Sauti yake ilipasuka. "Au zako ulishatoa? Watu wanasema ulitoa. Mpwa wa mhasibu mkuu, akose?"

Aliyemjua vizuri kuliko wote alikuwa anamuuliza swali hilo. Keshia akakata simu.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kuegemea. Mama yake alimwambia, "Umemfunga kaka yangu. Aliyekuvisha sare ya shule," kisha akaacha kumsemesha. Keshia akahamia chumba cha rafiki yake, akalala sakafuni. Mitaani watu walimzomea. Wengine walimtemea mate. Breki alirudi kufundisha kwenye gari la bosi, akawa anawafokea wanafunzi hadi wawili wakahama. Simu yake aliitazama mara nyingi. Hakupiga.

Wiki kadhaa zikapita. Mfilisi, yaani mtu aliyeletwa na serikali kukusanya madai ya wateja, aliita watu kwenye ukumbi wa shule. Joto lilikuwa kali, viti havikutosha. Breki alijipanga akiwa na risiti zake. Ghafla mbele kukawa na kelele.

"Huyu naye anafuata nini hapa?" fundi viatu alikuwa anafoka. "Mtoeni!"

Keshia alikuwa kwenye foleni. Amekonda, gauni la kijivu limemning'inia, kichwa ameinua.

"Nimekuja kudai kama nyinyi," alisema. "Zangu zimo. Za mama yangu pia zimo. Hatukutoa hata shilingi."

Mfilisi akapekua karatasi zake, akaitikia kwa kichwa. Kelele zikafa. Breki aliacha nafasi yake, akapita katikati ya watu mpaka akasimama kando yake.

"Kwa nini hukuniambia siku ile kwenye simu?"

"Kwa nini uliniuliza?"

Breki alifuta jasho shingoni. "Nilikuwa na hasira, nikasema neno baya. Nisamehe."

"Mimi pia nilikuumiza. Najua. Na ningefanya vilevile tena, Breki. Bora ujue kabisa."

"Najua. Nimefikiria kila siku, na inaniuma bado. Lakini nataka kuishi na mtu ambaye hawezi kuwaibia watu wengine kwa ajili yangu, hata kwa kunipenda. Twende kwa mama yako."

"Mama haongei na mimi."

"Basi ataongea na mimi."

Siku hiyo madai yao waliyaandikisha pamoja, wakijua huenda watapata robo tu, tena baada ya miaka. Kisha wakaenda. Mama alifungua mlango akiwa na kanga begani, akamtazama binti yake, akamgeukia kijana.

"Wewe ndiye wa gari?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo. Nimekuja kumposa binti yako."

"Unamjua lakini? Huyu alimpeleka mjomba wake polisi."

"Namjua, mama. Ndiyo maana nimekuja."

Mama alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasogea pembeni.

"Kaeni," alisema. "Sijasema nimesamehe. Nimesema kaeni."