Kiraka cha Chesisi

Siafu elfu kumi na mbili waliingia chini ya landrova kwa misururu minne, nao hawakuwa wadudu. Kila mmoja alikuwa mtambo mdogo kama punje ya mchele, mwenye miguu sita na taya za kioo kigumu, na chakula chake kilikuwa kimoja tu: kutu. Walipopita juu ya chuma kizima hawakukigusa. Walipokuta kutu walisimama, wakaitafuna, wakaibeba hadi kwenye chupa iliyowekwa sakafuni, na chupa ikajaa unga mwekundu kama wa ubuyu.

Katika jiji la Tanga, ambako upepo wa chumvi ulikuwa umekula madaraja na mabomba kwa karne nzima, siafu-kutu walihesabiwa kuwa neema. Reli, meli, nguzo za treni ya angani, vyote vilipona. Dkt. Nakijwa Mbwambo ndiye aliyewabuni, na ingawa miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita, bado alipenda kuchuchumaa na kuwatazama wakifanya kazi.

Siku hiyo kazi ilikuwa ya nyumbani. Landrova ilikuwa ya shangazi yake, Bi Eliwaza, mkunga mstaafu wa miaka themanini na tatu. Aliirithi ikiwa tayari kuukuu, akazunguka nayo milima ya Upare akizalisha watoto wa watu. Sasa alitaka jambo moja tu: apandishwe Usangi, nyumbani kwao, ndani ya gari hilo hilo.

Kwa nje liling'aa, maana bodi ya landrova ni alumini, na alumini haioti kutu nyekundu. Lakini chini kuna chesisi, uti wa mgongo wa gari, nayo ni chuma. Siafu walipomaliza, Mpimaji, akili bandia iliyosimamia karakana, akatoa taarifa kwa sauti ya upole.

"Chesisi, upande wa kushoto, karibu na springi ya nyuma. Kwa urefu wa shubiri mbili, chuma kilichobaki ni chembamba kuliko karatasi. Gari lisiendeshwe."

Nakijwa akainama, akasukuma kwa kidole. Kidole kikatokea upande wa pili. Kumbe muda wote kutu ndiyo iliyolishikilia gari.

"Nipe njia za kulitengeneza," alisema.

"Ziko mbili. Mitambo yetu huchomelea kwa ramani, na gari hili halina ramani, kwa hiyo itang'oa chesisi yote na kuweka ya kaboni. Ama litengenezwe kwa mkono wa mtu. Sheria ya magari ya kale inaruhusu, iwapo mshono utafikia uimara wa sabini kwa mia, na aliyechomelea atie sahihi kwamba amebeba dhamana ya roho za watakaopanda."

"Likiwekwa chesisi nyingine si gari lake tena. Nitachomelea mwenyewe."

Bi Eliwaza alikuwa ameketi mlangoni akinywa chai ya tangawizi. "Umewahi kuchomelea, mwanangu?"

"Nimesoma, Shangazi. Chuma nakijua mpaka chembe zake."

"Mimi nami niliusoma ukunga miaka mitatu. Siku nilipopewa mtoto wa kwanza mkononi, nusura nimdondoshe."

Nakijwa alicheka, akaanza mazoezi kwenye vyuma chakavu. Siku ya tano mshono wake ulitoka laini, umepangika kama magamba ya samaki. Mpimaji akaupiga miale. "Sabini na moja kwa mia. Unaruhusiwa."

Alishika kalamu. Kisha, bila kujua hasa kwa nini, akaubana mshono ule kwenye jiliwa na kuupiga nyundo. Pigo la nne likaufungua kama ganda la karanga. Ndani chuma hakikuwa kimeungana. Vipande vilikuwa vimelala ubavu kwa ubavu tu. Akaziwaza kona za Usangi, na korongo lililo upande wa kushoto, akaiweka kalamu chini.

Akatafuta fundi. Orodha ya jiji haikuwa na hata mmoja. Ilimchukua wiki nzima kumpata Mzee Mhina kule Muheza, akichunga mitambo ya kuchuma machungwa. Zamani alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya reli.

"Shikamoo, Mzee. Naitwa Nakijwa Mbwambo. Gari la shangazi yangu limeoza chesisi, natafuta mchomeleaji."

"Marahaba. Jina lako nalijua. Siafu wako walipoingia karakana yetu, sehemu ya kuchomelea ilifungwa mwezi huo huo. Chuma hakiozi tena, mchomeleaji wa nini?"

Nakijwa alikuwa ameandika ripoti nyingi za madaraja yaliyopona, na hakuna hata moja iliyouliza habari za watu.

"Sikujua, Mzee," alisema. "Na sikuuliza. Nisamehe."

Mzee Mhina akajifuta mikono taratibu. "Hilo gari liko wapi?"

Kesho yake alilala chali chini ya landrova, akipapasa chuma kwa muda mrefu. "Lo! Hawa wadudu wako," sauti yake ilitoka huko chini, "wamesafisha kuliko nilivyowahi kusafisha maisha yangu yote. Tungekuwa nao sisi, tungefanya maajabu."

"Basi utachomelea?"

"Hapana." Akajitoa chini ya gari, akaunyoosha mkono wa kulia. "Huu umelala miaka kumi na mmoja. Siwezi kumpandisha mama wa watu juu ya mkono uliolala."

Nakijwa aliutazama mkono ule, mpana, wenye makovu ya cheche. Daraja angeweza kuliponya kwa siku moja. Kwa mkono huu hakuwa na mtambo wowote.

"Basi tuuamshe," alisema.

Iliwachukua wiki saba. Mshono wa kwanza wa Mzee ulipata arobaini kwa mia, naye akavua ngao ya uso kwa aibu. "Usijali, baba," Bi Eliwaza akamwambia. "Mkono haufi. Husinzia tu." Polepole ukazinduka. Mzee alimfundisha Nakijwa kukata hadi kulivuka tundu, mpaka kwenye chuma ambacho ukikigonga kinalia, maana kiraka hakishiki kwenye nguo iliyooza. Akamfundisha kutega sikio: chuma kinachoungana kweli huchachatika kama maandazi ndani ya mafuta. Nakijwa alisikiliza kwa mshangao. Vitabu vyake vyote havikuwa na sauti ile.

Wiki ya saba Mpimaji aliupiga mshono wa Mzee miale mara mbili. "Tisini na nane kwa mia. Sina kumbukumbu ya mkono wa binadamu uliofika hapo."

Siku iliyofuata Nakijwa alikata na kukunja bamba jipya, Mzee akalichomelea kwenye chesisi. Iliposalia shubiri moja akamkabidhi vifaa. "Malizia wewe. Sahihi ni yako." Alimalizia huku jasho likimtiririka, na Mpimaji akaupitisha mshono wote.

Safarini Mzee alikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma, upande wa kushoto, juu kabisa ya kiraka, kiganja kimelala sakafuni. "Kwetu karakana, aliyeshona ndiye hupanda kwanza," alisema. Landrova ikanguruma kona baada ya kona, na Bi Eliwaza akawa anazihesabu nyumba kwa kidole: "Hapa mapacha. Pale yule aliyetanguliza miguu."

Walipofika, watu walitoka majumbani kwa vigelegele, wakamzingira mkunga wao. Nakijwa alimtafuta Mzee Mhina, akamkuta amelala chali mavumbini chini ya gari, tochi mkononi.

"Mshono umepasuka?" aliuliza akipiga magoti.

"Hata ufa wa unywele hakuna." Hakutoka. Alipitisha kidole juu ya mshono. "Kule karakana tulikuwa wachomeleaji arobaini na watatu, Daktari. Tulio hai ni saba."

Nakijwa alilala mavumbini kando yake, akautazama mshono. "Hao sita wengine," aliuliza, "wanakaa wapi?"