Filamu ya Kagunga Ambayo Haipo

"Frida! Mama amepanda boti kwenda Kagunga. Anatafuta jiwe jeupe!"

Nilikuwa namsuka mteja. Kitana kikanidondoka.

"Jiwe gani?"

"Lile uliloliandika wewe kwenye filamu yako ya uongo!"

Concilie akanisukuma kifuani mbele ya wateja. Concilie huyu huyu, rafiki yangu, ambaye tunasuka naye kiti kwa kiti hapa saluni Katubuka mwaka wa tatu sasa.

Sikumrudishia. Ningemrudishia kwa lipi? Nilistahili.

Ngojeni niwaambie ukweli wote, ndugu zangu. Mkitaka kunitukana, nitukaneni mwishoni.

Mimi ni mlevi wa filamu za kutisha. Tuna kundi letu la WhatsApp, watu zaidi ya mia, na ugomvi wetu hauishi. Meshack, fundi simu, na wenzake wanataka damu dakika ya tano.

"Filamu dakika arobaini mtu anachota maji tu? Nafuta!"

Mimi ni wa zile za moto mdogo. Inakupika taratibu, hujui umeiva saa ngapi.

"Frida na filamu zake za kuchemsha maharage," Meshack anaandika. Kundi zima linanicheka.

Sheria yetu ni moja: kila Ijumaa mtu mmoja analeta filamu ambayo hakuna aliyeiona, iliyojificha chini kabisa kwenye app, kule ambako watu hawashuki. Ijumaa yangu ikafika. Bando limekata, filamu sina, na Meshack ameshaanza kunikejeli.

Ndipo nikafanya ushenzi.

Wiki moja nyuma nilikuwa saluni na Concilie, tunaangalia filamu kwenye simu yangu. Mimi napiga kelele. Yeye ametulia tuli.

"Hii haitishi," alisema.

Akanisimulia. Miaka kumi iliyopita walikimbia Burundi, wakavuka mpaka, wakafika ufukweni Kagunga, maelfu ya watu wanasubiri meli. Yeye alikuwa na miaka kumi na moja. Mama yake amembeba mdogo wake mgongoni.

Siku ya pili mtoto akaacha kulia.

Mama akaendelea kumbeba. Anamwimbia. Anamfunika jua. Concilie akagusa mguu wa mdogo wake... wa baridi. Akanyamaza. Aliogopa kwamba mama akijua yeye anajua, ataanguka pale pale.

Siku ya nne mama akazidiwa na kuhara, akabebwa kupelekwa melini. Watu wa huduma wakamfungua mtoto mgongoni, wakaenda kumzika. Wapi, hawakuambiwa.

"Mpaka leo mama ananiambia alikufa siku ile ya meli, mikononi mwa daktari," Concilie alisema. "Hajui kwamba najua. Frida, hujasikia kitu."

"Naapa."

Naapa! Kwa mdomo huu huu!

Ijumaa nikaandika kundini: "Kuna filamu inaitwa Mgongoni. Iko chini kabisa, hakuna anayeijua." Nikaweka yote. Ufukwe wa Kagunga, mama, dada anayegusa mguu na kunyamaza. Mwisho sikuwa nao, nikatunga: kichanga kinazikwa chini ya jiwe jeupe, nje kidogo ya kijiji.

Kundi likalipuka.

"Nimelia, mwanangu!"

"Frida, tupe linki!"

Hata Meshack: "Nimekubali. Moto mdogo umeshinda."

Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilisoma zile sifa mara tatu.

Haikuchukua siku mbili. Maandishi yangu yakatoka kundini, yakaingia kwenye simu ya Scola, mama mdogo wake Concilie, ambaye wanaishi kwake Ujiji. Scola akamsomea dada yake huku wanamenya mihogo. Asubuhi yake Mama Concilie akaaga kwamba anakwenda Kagunga kulitafuta lile jiwe.

Tukakimbilia ufukweni Kibirizi, tukapata boti. Njia nzima Concilie hakuniangalia. Alinisemesha mara moja tu.

"Ulipata nini?"

"Sifa," nikajibu.

Nilitamani anitukane.

Tulipofika Kagunga jua lilikuwa linashukia milima ya Kongo. Dagaa wameanikwa mchangani, wanawake wanawakusanya. Mama Concilie alikuwa ameketi pembeni juu ya kitenge chake, ametulia. Jiwe jeupe halikuwepo, wala hakuonekana kulitafuta.

Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nisamehe... Hakuna filamu. Hakuna jiwe. Nilitunga!"

"Najua."



"Unajua?"

"Scola aliposoma kwamba yule dada aligusa mguu akanyamaza... hilo hata mimi sikulijua. Duniani angelijua mtu mmoja tu." Akamgeukia Concilie. "Nilikuwa namwimbia ili wewe usijue, mwana wanje, mwanangu."

"Na mimi nilinyamaza ili wewe usijue kwamba najua!"

"Ningekuuliza nyumbani, ungenikatalia. Nikasema nakwenda kutafuta jiwe, utanifuata. Hapa huwezi kunikatalia."

Jamani! Walishikana, wakalia kilio cha miaka kumi. Wanawake wa dagaa wakaacha kazi. Na mimi nimepiga magoti pale, simu inatetemeka mfukoni.

Linki. Linki. Linki.

Nikajidanganya kwamba nimesamehewa. Kwani si mimi niliyewafungua midomo? Nikasogea niwakumbatie na mimi.

Mama Concilie akaninyooshea kiganja.

"Wewe baki hapo hapo. Usije ukadhani umetufanyia wema. Hili lilikuwa letu. Tungelisema siku yetu."

"Ndiyo, mama."

"Na uliandika 'kichanga'. Mwanangu ana jina. Anaitwa Bucumi. Alikuwa na miezi minane, alipenda ndizi za kuponda. Waambie hao wanaokusubiri."

Niliandika pale pale: "Hakuna filamu. Alikuwa mtoto wa watu, anaitwa Bucumi, alipenda ndizi za kuponda. Niliapa kutunza siri ya mwenzangu, nikaiiba ili mnisifu."

Meshack, yule yule mpenda damu, ndiye aliyejibu wa kwanza.

"Mpe mama yake pole zetu."



Ndugu msomaji, sisi wapenda kutishwa tunashindana nani amechimbua kitu ambacho hakuna aliyekiona. Kuna vitu vimefichwa kwa sababu vinauma bado. Mtu akikuonyesha kidonda chake, amekuonyesha wewe, hajakutuma ukakitembeze sokoni. Ukiambiwa "hujasikia kitu", basi hujasikia.

Haya niliyoandika leo, Mama Concilie amesomewa kila mstari na amekubali niyaweke. Mstari mmoja aliufuta, na mimi sitawaambia ulisemaje.

Concilie naye nilimtumia, nikamwomba ruhusa. Alijibu maneno mawili: "Uliza mama."

Sasa anasuka saluni nyingine, upande wa pili wa barabara. Kiti chake hapa kwangu sijampa mtu. Asubuhi nikifungua nakipangusa vumbi, kisha naanza kazi.