Nira ya Askofu Yaogeshwa Siki

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne. Jumatano asubuhi Wilibrodi alikuwa ameshachoka.

Tope la Chala si la mchezo. Mwaka jana lilimvua mzee mmoja viatu, soksi na nusu ya suruali. Ndiyo maana watu wa huko hulima kwa maksai.

Wilibrodi ana maksai mmoja tu. Anaitwa Askofu, maana hutembea polepole na watu humpisha. Jirani yake Hilaria, ambaye ni mjane, ana maksai wake, Katekista. Kila msimu huwafunga wawili hao kwenye nira ya Wilibrodi. Hulima shamba la huyu, kisha la yule.

Asubuhi hiyo Askofu alidondosha mate kama bomba bovu. Ulimi ulikuwa na malengelenge. Alichechemea.

"Ni ugonjwa wa miguu na midomo," alisema Bertilla, mke wa Wilibrodi. "Nimempigia afisa mifugo."

"Huyo atafika Krismasi! Nira nimeiosha kwa sabuni mara tatu. Naipeleka kwa Hilaria. Amfunge Katekista na yule ndama wake mkubwa. Angalau nyumba moja ivune."

Akaibeba begani. Hajafika barabarani, pikipiki ikasimama mbele yake. Alikuwa Tusajigwe, afisa mifugo. Matope yalimfika kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba. Nira inakwenda wapi?"

"Marahaba. Inakwenda kazini, kwa Katekista wa Hilaria. Imeoga kuliko mimi."

"Kwa sabuni?"

"Ya mche! Iliua korona, itashindwa na mate ya Askofu?"

Tusajigwe akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hilo lilikuwa zizi la tano tangu alfajiri.

"Baba, kirusi cha korona kimevaa koti la mafuta. Sabuni huyeyusha mafuta, kinakufa. Hiki cha ng'ombe hakina koti. Kina gamba gumu la protini tu. Sabuni inaondoa uchafu, lakini gamba linabaki. Ukiifikisha nira hii, Katekista ataugua. Nyumba mbili zitakosa mahindi."

Wilibrodi akaitua nira polepole.

"Sasa hilo gamba linaingiaje mwilini?"

"Seli ya ng'ombe imezungukwa na utando wa mafuta. Kirusi kikimezwa na seli, kinakuta uchachu kidogo. Gamba linafunguka, na protini zake zinatoboa ule utando. Ugonjwa unaanza. Sasa sisi tunalifungua mapema, huku nje, kwa uchachu wa siki. Likifunguka kabla ya kufika, kirusi kimekwisha."

"Yaani anavua nguo barabarani kabla ya kufika kwa mkwe."

"Baba wewe!" Tusajigwe akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Bertilla akaleta siki. Walisugua matope na kinyesi kwanza. Kisha chupa moja ya siki, chupa moja ya maji. Nira ililoweshwa nusu saa, ikaanikwa juani. Viatu vya Wilibrodi vilioshwa hivyohivyo. Tusajigwe naye akachovya mabuti yake kabla ya kuondoka.

"Askofu asitoke zizini," alisema. "Nawe usikanyage kwa Hilaria. Nira iache barabarani, aichukue mwenyewe. Ng'ombe wengine wa kijiji tutawachanja."

Wilibrodi na Bertilla walilima kwa jembe la mkono. Mikono yao ikaota malengelenge kumshinda Askofu. Walimaliza nusu ya shamba tu, mbegu nyingine ikabaki guniani.

Baada ya wiki tatu Askofu alianza kula vizuri. Katekista hakuugua.

Siku moja Hilaria alisimama upande wa pili wa barabara.

"Kaka Wilibrodi! Nasikia unanuka kachumbari!"

"Na wewe mistari ya shamba lako imepinda kama nyoka mlevi!"

"Ndama alikuwa anajifunza. Unaiona ile kumi ya mwisho, iliyonyooka?"

"Naiona."

"Hiyo ni yenu. Leta mbegu uiache hapo barabarani, nitapanda mwenyewe."

Wilibrodi aliacha utani. Akaenda ndani kutafuta gunia.